Kifungu Nilichokiruka

Vijana mnaoshika kalamu za makadirio leo, mmenitumia salamu mkitaka niwaandikie namna ya kushinda zabuni za serikali. Kushinda si kazi. Mimi nimeshinda nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu kati ya Tabora na Kigoma, wala sisemi hivyo kwa kujifurahisha. Majengo yapo, nendeni mkagonge kuta zake. Nitawaandikia kuhusu ile moja niliyoshinda vibaya, na jinsi ilivyorekebishwa baada ya barua ya serikali kuwa imekwisha kufika mkononi.

Kwanza mnijue. Sikupelekwa Ulaya na mtu. Nilijipeleka. Nilianza kazi nikiwa karani wa stoo hapa Tabora, nikihesabu misumari na mabati, nikaweka akiba, nikaenda Nairobi kuandika mahudhurio ya vibarua kwenye ujenzi, nikaweka akiba tena, nikavuka bahari. Kule mchana nilibeba matofali katika baridi inayokata masikio, jioni nikakaa darasani na Wazungu walionipita kwa ujana lakini hawakunipita kwa alama. Miaka minne. Nilirudi na stashahada ya ujenzi na ukadiriaji, suti mbili, na rula ya kupigia hesabu iliyokuwa na kifuko chake cha ngozi. Nchi ilikuwa changa, wataalamu tulihesabika kwa vidole. Ofisi za Dar es Salaam zilinitaka. Nikasema hapana, nitajenga kwetu.

Kwetu palikuwa mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, na Ng'ambo palikuwa na ushirika wa mafundi: waashi, maseremala, na mpaka rangi mmoja, wote saba wenyeji wa mji. Mkuu wao alikuwa Fundi Mrisho. Alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache, mwiko wake umelika kwa kazi hadi umebaki kama jani. Hakujua kusoma Kiingereza, na Kiswahili alikisoma kwa herufi za Kiarabu. Lakini ukimpa ukuta aupapase kwa kiganja, atakwambia siku uliyopigwa lipu kulikuwa na jua au mawingu.

Nilipojiunga nao nilitaka waone elimu. Siku ya kwanza nikawaita kwenye kiwanja, nikachora pembetatu kwa chokaa, nikawaeleza kwamba pande za futi tatu, futi nne na futi tano zikikutana, kona itakuwa mraba bila kukosea. Nilieleza nusu saa nzima. Fundi Athumani, mwashi mfupi aliyependa mzaha kuliko chakula, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akachomoa mfukoni kamba yenye mafundo kumi na mawili.

"Hii ndiyo hiyo unayoisema, Bwana Diploma?"

Nikaikagua. Ndiyo ilikuwa hiyo.

"Marehemu baba alinipa nikiwa sijavaa suruali," akasema. "Lakini yako nzuri zaidi. Yako ina maneno."

Walicheka hadi Fundi Mrisho akageuza uso. Tangu siku hiyo jina la Bwana Diploma likanishika, na nawaambia kweli, nililipenda.

Nisiwafanye mkadhani sikuwafaa kitu. Kabla yangu walikuwa wakichukua kazi za watu binafsi tu, kibaraza hapa, choo pale, kwa sababu karatasi za tenda za serikali zilikuja kwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango ule. Mwaka wangu wa kwanza tulijenga madarasa katika vijiji viwili, na hakuna aliyerudi kutulaumu.

Fundi Mrisho alikuwa na desturi moja ambayo mwanzoni niliiona kama usumbufu. Babu yake alikuwa mpagazi katika njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikipita hapa kutoka pwani kwenda Ujiji. Alisema wapagazi wa babu yake hawakukubali kuinua mzigo uliofungwa nao hawapo. Mwenye mali alitakiwa kuufungua mbele yao, waone kilichomo, waupime kwa mikono, ndipo waufunge wenyewe na kuuinua. Basi na yeye katika ushirika wake, karatasi ya kazi ilisomwa kwa sauti mbele ya mafundi wote wakiwa wamekaa jamvini, ukurasa kwa ukurasa, kabla mtu hajaweka kidole gumba. Aliiita kufungua mzigo. Mimi nilisoma na kufasiri; wao waliuliza. Kazi ya siku mbili wakati mwingine, kwa sababu Athumani aliuliza hata maana ya tarehe.

Ikaja tenda ya zahanati, pamoja na nyumba ya mganga, katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Choma. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kuomba. Karatasi zilichelewa njiani, zikatufikia zikiwa zimebaki siku tatu za kurudisha. Fundi Mrisho akasema, "Tufungue mzigo."

Nikamwambia, "Fundi, hakuna muda. Na fomu ni ileile ya madarasa. Naijua kwa moyo."

Akanitazama kidogo. "Unaijua?"

"Naijua."

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye macho yetu."

Nilikaa na rula yangu siku mbili, na niseme bila haya kwamba ile ilikuwa kazi safi. Saruji, mbao, mabati, bawaba za milango, kila kitu nilikipima. Nilipofika kwenye mstari wa mawe, mchanga na maji, nikaandika kistari. Kistari, yaani hakuna bei. Msinishangae. Miaka ile kila jengo la kijijini lilijengwa kwa nguvu za wananchi: serikali ilitoa saruji na mabati, wanakijiji wakaleta mawe, mchanga na maji kwa kujitolea. Madarasa yetu yote mawili yalikuwa hivyo. Mkono wangu uliandika kistari kile kama unavyoandika jina lako.

Ili kuomba kazi kubwa namna ile ilihitajika dhamana. Ushirika haukuwa na kitu cha thamani isipokuwa zana. Fundi Mrisho akaweka nyumba yake ya Ng'ambo, aliyoijenga kwa mikono yake, ambamo mkewe Bi Zuhura alizaa watoto sita. Tukishinda kisha tukashindwa kujenga, nyumba ingekwenda.

Tukashinda. Barua ilikuja Jumatano, na Alhamisi Bi Zuhura akapika pilau ya mbuzi, akaniwekea mimi sahani ya peke yangu kama bwana harusi. Tulipokwisha kunawa, Fundi Mrisho akasema kwa kuwa sasa muda upo, mzigo ufunguliwe. Tukatandika jamvi. Nikaanza kusoma.

Katika ukurasa wa tisa nikakutana nacho. Kifungu kifupi, mistari minne. Kilisema kwamba wakazi wa kijiji hiki wamehamia karibuni na wako katika kuvunja mashamba mapya, kwa hiyo hawatadaiwa nguvu kazi ya aina yoyote. Mawe, mchanga na maji yote yatatafutwa na mkandarasi kwa gharama yake.

Wenzangu, mnaijua mbuga ya upande ule? Udongo mweusi usio na jiwe hata la kumtupia ndege. Mawe yako kwenye kilima mwendo wa nusu siku kwa mkokoteni. Maji yako lamboni, na mwisho wa kiangazi lambo huwa tope. Gharama ya kistari changu ilikuwa inatosha kula faida yote na kuendelea kula.

Niliinua macho. Mafundi saba walikuwa wakinitazama, wameshiba, wamefurahi. Bi Zuhura alikuwa mlangoni amejifuta mikono kwa kanga.

Nikakohoa. Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja.

"Endelea, mwanangu," akasema Fundi Mrisho.

Nikaendelea.

Hapa nitasimama niwape la kazi, maana wengine mtaacha kusoma kabla ya mwisho. Zabuni ina makosa ya namna mbili. Kuna kosa la kujumlisha: umeandika bei sahihi ya kila kitu lakini jumla imekosewa. Hilo hurekebishwa hata baada ya kushinda, kwa sababu bei zako zinajisemea. Na kuna mahali ulipoacha wazi. Hapo serikali inahesabu kwamba umejumuisha gharama mahali pengine na umekubali kuibeba. Ukiligundua kosa kabla ya barua kutoka, paza sauti. Ukiligundua baada ya barua, paza sauti zaidi, siku ileile, kwa sababu kila siku unayonyamaza kuna mtu mwingine anaanza kulipa badala yako. Mimi hilo nililijua. Nilikuwa nimelifanyia mtihani na kupata alama za juu.

Badala ya kupaza sauti nilikwenda kijijini. Nilimwambia Fundi Mrisho natangulia kupiga mambo, vile vigingi vya kupimia msingi, na kukusanya vifaa, na yeye na wenzake wafuate baada ya wiki tatu saruji ikipatikana. Mwenyekiti wa kijiji alinipokea kwa heshima zote. Kofia yangu peke yake ilimtosha.

Nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Ndugu Mwenyekiti, wananchi watachangia mawe na maji, kama kawaida?"

"Ndugu mtaalamu, kijiji hiki kitakuwa cha mwisho kwa mambo mengine, si kwa kujitolea. Kesho watu watakuwa kilimani."

Sikulazimisha mtu. Hilo nilijiambia kila siku. Niliuliza tu, na mwenyekiti akaamuru. Kila kaya ikapangiwa rundo la mawe na madebe ya maji. Wanaume wakaenda kilimani na mikokoteni, wanawake wakaenda lamboni. Nami nikapiga mambo zangu na kamba zangu, msingi wangu ukiwa mraba kabisa.

Alikuwapo mama mmoja, mjane, akiitwa Mama Kulwa kwa sababu ya pacha wake wawili. Hakuwa na mwanamume wa kwenda kilimani, kwa hiyo alibeba rundo la mawe na maji pia. Asubuhi moja akashusha debe mbele yangu, akajifuta uso, akaniamkia kwa lugha ya kwao.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mama."

"Wewe ndiye mwenye karatasi?"

"Ndimi."

"Nataka kuuliza. Shamba langu bado ni gugu na visiki. Mvua ikija kesho sina pa kuweka mbegu. Karatasi ya serikali ndiyo iliyosema tubebe?"

Nikatazama kamba yangu ya kupimia. "Imesema," nikajibu.

"Haya. Kama imesema." Akainama, akajitwisha debe tupu, akarudi lamboni.

Nimejenga miaka mingi baada ya siku ile, na nimetukanwa na wahandisi wa kila aina. Hakuna neno lililowahi kuniingia kama lile "haya".

Mvua haikuja kesho. Ilikuja siku ya nne, ile mvua ya kwanza ambayo mkulima wa mbuga huingojea akiwa na jembe mkononi, kwa sababu baada yake udongo mweusi hunata na hauvunjiki tena kwa jembe la mkono. Ilinyesha siku mbili. Siku ya tatu, Fundi Mrisho na mafundi wakafika na lori la saruji. Nilikwenda kuwapokea.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Hakuwa akinitazama mimi. Alitazama njia ya kilimani, ambako watu walikuwa wakisukuma mikokoteni iliyozama tope, na mashamba kando ya njia, yakiwa na magugu. "Watu hawa mbona hawako shambani?"

"Wanajitolea, Fundi."

"Siku kama ya leo?"

"Mwenyekiti amewapanga."

Athumani akafungua kinywa atie mzaha wake, akamwona Fundi Mrisho, akakifunga.

Tukaenda kwenye kibanda changu. Fundi Mrisho akavua viatu, akakaa, akasema, "Lete karatasi zetu. Nifungulie tena, polepole. Usiruke kitu."

Nilijua kwamba alijua. Hakuwa na namna ya kujua, lakini alijua, kama anavyojua ukuta. Nikasoma mpaka ukurasa wa tisa, nikasoma kifungu, nikakifasiri neno kwa neno. Mafundi wengine walikuwa wamesimama mlangoni. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya nyasi za kibanda.

"Hukukijua," akauliza, "au ulikiruka?"

"Kwanza sikukijua," nikasema. "Halafu nilikiruka."

Kisha akavaa viatu vyake, akatoka mvuani bila kofia, akaenda njiani na kuanza kuwaambia watu mmoja mmoja waache mikokoteni, waende mashambani. Mwenyekiti alipokuja mbio akiuliza nani ametangua amri yake, Fundi Mrisho akamjibu kwa adabu: "Ni karatasi, Ndugu Mwenyekiti. Tulikuwa hatujaisoma vizuri."

Tulikuwa. Alisema tulikuwa.

Jioni ile mafundi walikaa bila mimi. Nilisikia sauti zao, nikasikia mtu akisema, "Afukuzwe," na sikuona kosa katika shauri hilo. Asubuhi Fundi Mrisho akaniambia nivae suti, twende Tabora kwa Mhandisi wa serikali aliyetoa tenda.

Sasa sikilizeni vizuri yaliyopita katika ofisi ile, kwa sababu hakuna darasa litakalowafundisha. Mhandisi alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani, aliyezoea kuongopewa na wakandarasi tangu saa mbili asubuhi. Nilimweleza yote. Kistari, kifungu, jamvi, Mama Kulwa. Sikupunguza. Akafungua jalada, akatafuta mstari, akaweka kidole juu ya kistari changu.

"Unataka nikuongezee bei."

"Ndiyo, Ndugu Mhandisi. Au uturuhusu kujitoa."

"Mkijitoa, dhamana inakwenda. Hiyo si amri yangu, iko humo mliposaini." Akafungua jalada jingine. "Huyu hapa ni wa pili wenu. Yeye aliandika bei ya mawe na bei ya maji. Ndiyo maana mlimshinda. Nikikuongezea wewe leo kile alichokiandika yeye siku ile, nitamwambia nini akiingia mlango huo?"

Nawaulizeni ninyi: mna jibu? Kwa miaka mingi nimewasikia wakandarasi wakilia kwamba serikali ni ngumu, haijui utu. Mimi siku ile nilimwona yule wa pili, mtu nisiyemjua sura, amekaa na kalamu yake akisoma ukurasa wa tisa kama inavyopasa, na kwa uaminifu wake akashindwa.

"Ninachoweza kukupa ni siku," akasema Mhandisi. "Mvua si kosa lako. Anzeni baada ya mavuno. Bei, hapana." Kisha akavua miwani. "Kwa nini umekuja? Mawe yalikuwa yanafika. Mimi nisingejua."

Nikafungua mdomo, lakini Fundi Mrisho akatangulia.

"Tumekuja kwa sababu tumefika nyumbani kwa watu tukawakuta wanatubebea mzigo wetu," akasema. "Bwana mkubwa, tutajenga. Kwa bei ileile."

Nje, kwenye ngazi, nikamwuliza tutajenga kwa kitu gani, na fedha hatuna. Akasema, "Nyumba ikienda kwa dhamana, inakwenda bure na zahanati haipo. Nikiuza mwenyewe, zahanati itakuwepo." Akashuka ngazi kama mtu aliyekwisha kuyafikiri hayo usiku kucha, na nadhani ndivyo.

Tulijenga baada ya mavuno. Lori la kukodi lilichota mawe, na Fundi Mrisho aliwalipa wanakijiji kwa kila debe la maji na kila mkokoteni wa mchanga, wale waliotaka. Msingi tulichimba mpaka tukaupita ule udongo mweusi, kwa sababu huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Mkijenga juu yake mtajenga kila mwaka. Mchanga nilipima kwa chupa: tia mchanga nusu, jaza maji, tikisa, acha utulie, ukiona tabaka la tope juu lenye unene wa kidole, rudisha. Fundi Mrisho alikuwa akipima kwa kuusugua kiganjani, na hatukutofautiana hata mara moja. Jengo lile halina ufa hadi leo.

Mama Kulwa alivuna kidogo sana mwaka ule. Alichelewa kupanda, na mtama wake ulikauka ukiwa bado haujashika punje. Aliishi kwa vibaba vya majirani na kwa madebe ya maji aliyolipwa. Siku moja nikamfuata lamboni nikamwambia, "Mama, nilikuongopea. Karatasi haikusema mbebe. Ilisema msibebe."

Alikuwa anajaza debe kwa kibuyu, hakusimama. "Nilijua ni wewe."

"Ulijuaje?"

"Serikali ikisema na sisi huwa inatutazama usoni. Wewe ulitazama kamba." Akaninyooshea debe nimtwishe. "Sasa umesema. Mavuno hayarudi, lakini umesema."

Nikamtwisha.

Ushirika haukunifukuza. Sijui Fundi Mrisho aliwaambia nini. Walinipunguzia mgao kwa misimu mitatu, na nikaambiwa kwamba karatasi yoyote itasomwa jamvini kabla ya kalamu kuguswa, hata zikibaki saa tatu za kurudisha, na ikishindikana kusomwa basi hatuombi. Tulikosa kazi kadhaa kwa sheria hiyo. Lakini tangu wakati ule mpaka nilipostaafu, hakuna mstari wowote katika zabuni zangu uliokuwa na kistari. Kama kitu hakina gharama, naandika kwa maneno kwa nini hakina na nani atakayekileta, na naambatanisha sahihi yake. Vijana wa ofisini waliniona mzee msumbufu. Wengi wao nimekwenda kuwatolea ushahidi kwenye kesi za mikataba yao.

Lililobaki ni siku ya kuhama. Nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo gumu kuandika.

Nyumba ilinunuliwa na mfanyabiashara wa ngozi, aliyetanguliza fedha akangoja hadi jengo lisimame na Mhandisi aiachie dhamana. Fundi Mrisho alipanga vyumba viwili mtaa wa Chemchem. Yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa kijijini akimalizia paa. Alimwachia Bi Zuhura kazi ya kuhama, na Bi Zuhura akanitumia ujumbe nije nisaidie. Sikumwita mtu wa mkokoteni. Nilikuja na mikono yangu.

Tulitoa masanduku, masufuria, mikeka. Majirani wa Ng'ambo wakajitokeza vibarazani, kama ilivyo desturi, wengine kusaidia, wengine kutazama. Bibi mmoja jirani, aliyekaa mkabala na nyumba ile tangu ujana wake, akauliza kwa sauti ya mtaa mzima:

"Zuhura! Kulikoni, mwenzangu? Nyumba ya Mrisho inauzwa, Mrisho kafanya nini?"

Bi Zuhura akajitanda kanga vizuri. "Hakufanya kitu, dada. Watoto wamekua, nyumba imekuwa kubwa. Tunakwenda mahali padogo."

Bibi yule hakuamini, na mtaa haukuamini. Nikaona jinsi watakavyolisema jambo lile jioni: Mrisho ana madeni, Mrisho amecheza kamari, Mrisho ameoa mke wa pili kwa siri. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Nilikuwa Bwana Diploma, mtu ambaye akina mama wa mtaa ule waliwaonyesha watoto wao.

Nikaweka sanduku chini, katikati ya njia.

"Bibi, shikamoo," nikasema. "Ni mimi. Niliandika vibaya tenda ya zahanati. Nilikosea, kisha nikaficha. Fundi Mrisho anauza nyumba kulipa kosa langu."

Mafundi cherehani waliokuwa vibarazani waliacha kukanyaga. Bibi yule alinitazama toka viatu mpaka kichwani, akasema taratibu, "Marahaba," akaingia ndani kwake.

Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, ameshika upande mmoja wa kitanda.

"Hukuulizwa wewe," akaniambia.

"Najua, mama."

"Haya, shika huko miguuni. Na uinue kwa magoti, usijivunje mgongo ukaniongezea kazi."

Nikashika. Kilikuwa kitanda cha mninga, alichochongewa na Fundi Mrisho walipooana, na ni kizito. Mpaka Chemchem tulipumzika mara nne, na mara zote nne ni yeye aliyesema tupumzike, mimi sikuthubutu.